Injili ya Mwaka Mwingine

Jumatano, tarehe nane Oktoba, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa na tension, presha ya damu, tangu alipojifungua mtoto wetu wa mwisho, na asubuhi ile alianguka karibu na bomba la maji, ndoo yake ikiwa bado tupu. Tulimfikisha hospitali anapumua. Saa saba mchana hakupumua tena.

Nataja siku ya juma kwa sababu Jumatano ilikuwa siku yake na mtu mwingine. Sisemi kwa ubaya. Au tuseme nasema kwa ubaya kidogo, maana nimejiahidi kuandika ukweli.

Katika shirika letu, yaani zile familia ishirini na kitu za kilima chetu zinazokutana kila Ijumaa alasiri kusali, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mke wangu ndiye aliyekuwa akieleza Injili. Padri hafiki huko. Mtu mmoja anasoma Injili ya Jumapili inayokuja, mwingine anaieleza, kisha kila mtu anasema neno lililomgusa. Aliyekuwa akisoma ni fundi cherehani mmoja aliyetoka Mwenga zamani, mwenye cherehani yake kwenye baraza, hatua hamsini chini ya kwetu. Alipitia seminari ndogo miaka miwili kabla ya kufukuzwa kwa kukosa karo, na kutoka huko alibaki na mwandiko mzuri na kitabu kikubwa cha masomo ya misa. Kila Jumatano mchana walitayarisha pamoja, yeye na kitabu chake, mke wangu na kaye yake, daftari nene la jalada la bluu. Mke wa fundi alikuwa pale pale akishona vifungo. Nilijua. Haikunisaidia.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza mbabula, majiko ya makaa, kwa bati kuukuu, kule Kadutu. Nilisoma hadi darasa la tano. Ninasoma, lakini polepole, na midomo inacheza.

Zamani nilikuwa naenda shirikani pia. Niliacha Kwaresima moja, miaka karibu saba iliyopita. Siku hiyo msomaji wa zamani alikuwa mgonjwa, fundi akasoma habari ya mwana mpotevu, na aliyetakiwa kuieleza hakuja. Mke wangu akasimama. Hakuwa amejitayarisha. Alisema kila mtu anamhurumia yule mdogo aliyekula na nguruwe, lakini yeye anamhurumia yule mkubwa, kwa sababu hadithi inaisha na bado yuko nje, anasikia ngoma ya wenzake, na hakuna anayejua kama aliingia. Watu wakapiga makofi. Tulipokuwa tunatoka, mama mzee anayeongoza shirika letu akanishika mkono.

“Papa, bibi yako amekupita na mbali!”

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ijumaa iliyofuata nikasema nina mbabula za kupeleka kwa mteja. Basi nikawa na mbabula za kupeleka kila Ijumaa kwa miaka yote hiyo.

Sikupeleka kitu. Nilibaki nyumbani, na mchana ulipoanza kupungua nilikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango. Sala ilikuwa inaisha saa kumi na moja na nusu. Akifika saa kumi na mbili, nilitaka kujua ile nusu saa ilikwenda wapi, ingawa sikuuliza. Nilikuwa na bisibisi mkononi ili akiingia anikute na kazi.

“Uko unafanya nini?”

“Natengeneza komeo.”

“Hii komeo haitapona,” alikuwa anasema, anapita, anaweka kitambaa chake kwenye msumari.

Uso wake ulikuwa bado na kitu cha kule alikotoka. Nilikiona, na kabla ya chakula kiliisha. Nyumbani tuliongea bei ya mboga za lengalenga, karo, bati linalovuja. Nilifikiri: maneno mazuri amewaachia wao, mimi ameniletea lengalenga. Niliwaza hivyo na kula nikala.

Siku za kilio watu walijaa hadi barabarani. Kila aliyeketi karibu nami alitaka kuniambia kitu alichosema marehemu. Mama mmoja anayepandisha mboga kutoka soko la Mudaka aliniambia: Pasaka, maman, mkeo, alituambia kwamba wale wanawake walikwenda kaburini hawajui nani atawaondolea jiwe, na hawakungoja kujua ndipo watoke; akasema ndiyo sisi na mizigo yetu kila asubuhi. Tangu siku hiyo, aliniambia yule mama, nikifika pale kilima kinapoanza ninamkumbuka. Mwingine akaja na Jumatano ya Majivu. Alisema mke wangu aliwaonyesha vidole vyake vyeusi vya kusafisha mbabula na kuwaambia kwamba kwake yeye kila siku ni siku ya majivu, tofauti ni kwamba siku ile anapakwa na mtu mwingine. Mwingine akakumbuka Pentekoste, alipoieleza Injili yote kwa Kishi, lugha ya kwetu, kwa ajili ya wazee, na fundi wa Mwenga, asiyejua Kishi, akawa anaitikia “ndiyo, ndiyo” mahali pasipo pake mpaka watu wakashindwa kusali kwa kucheka.

Walinisimulia ili kunifariji. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni. Huyu ana Pasaka, yule ana Majivu, wale wana Pentekoste. Nimelala na mwanamke huyo miaka ishirini na minne na sina hata Jumapili moja. Niliwajibu “asante, maman,” na nilitamani waende zao na vipande vyao.

Fundi hakusimulia kitu. Alikaa kwenye benchi la mwisho, utepe wa kupimia bado shingoni, amesahau kuuvua, anaulowesha kwa machozi. Nilimwangalia nikasema moyoni: huyu analia kama nani?

Juma la tatu baada ya mazishi alikuja kubisha.

“Papa, kuko ile kaye ya maman. Majilio inakaribia. Tulikuwa tunafikiri tuendelee nayo, sauti yake isikatike mara moja.”

“Sijaiona.”

“Sawa, Papa. Ukiiona.”

Ilikuwa chini ya godoro langu. Nilikuwa nimeikuta kwenye kikapu chake siku ileile ya msiba, na nilikuwa nimeanza kuisoma. Nilimdanganya mtu mlangoni pangu katika Oktoba, mwezi wa Rozari, na nilifunga mlango nikiwa na furaha. Nasema kama ilivyokuwa.

Ilinichukua majuma matatu kumaliza. Maandishi yake yalikuwa ya bluu, yamelala upande kama mtu anayepanda mlima. Pembeni kulikuwa na wino mwekundu, mwandiko wa fundi: “fupisha,” “hapa waulize wamama,” “Paulo hakusema hivi, angalia tena.” Na mahali pengi: “vizuri.” Ningeweza kuvumilia yale mengine yote. Lile “vizuri” lilinichoma. Mimi sikuwahi kumwandikia popote neno vizuri. Sikumbuki hata kama nilimwambia kwa mdomo, labda juu ya sombe aliyopika.

Kaye ilikuwa imepangwa kwa majira ya Kanisa, Majilio ya kungojea Noeli, Noeli yenyewe, Kwaresima, hadi Kristo Mfalme, kisha inaanza upya. Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwamo mara tatu. Juu ya ile ya kwanza aliandika A, ya pili B, ya tatu C. Nilidhani ni kama shuleni, wakati darasa la tano lilikuwa A na B. Au nilidhani alikuwa anajaribu mara tatu mpaka apate anayoipenda, kama mimi ninavyokata bati mara tatu. Ya kwanza ilikuwa juu ya Nuhu. Ya tatu ilikuwa juu ya jua na mwezi. Ya pili ilikuwa juu yangu.

Fundi alikuwa amepiga mstari mwekundu kando yake, kutoka juu hadi chini, na kuandika: “Hapana. Hii ni ya nyumbani.”

Nilisoma ule ukurasa hadi nikaujua kwa kichwa. Kisha nikausoma ule mstari mwekundu, na nikaelewa nilichotaka kuelewa. Katika kaye nzima niliingia mahali pamoja tu, na huyu mtu akanitoa.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa yule mama mzee anayeongoza shirika. Alikuwa anachambua maharagwe.

“Maman, Ijumaa ya kuingia Majilio shirika lije kwangu. Na Injili nitaieleza mimi.”

Aliinua kichwa. “Weye?”

“Mimi.”

“Papa wa mbabula atatuhubiria!” Akaanza kucheka, halafu akakumbuka mimi ni mfiwa, akajikaza. “Karibu kwa kazi ya Bwana. Miye nitakuja na mto yangu, nisigonge kichwa kwa ukuta nikilala.”

Sikukasirika. Nilikuwa nafikiria uso wa fundi atakaposikia. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu nilipokuwa nasali jioni, nilipokuwa naazima mabenchi, nilipokuwa nafagia uwanja. Nilitaka akae kwenye nyumba yangu, asikie sauti yangu ikisoma alichokataza, na watu wote wajue kwamba mimi pia niliwekwa katika maneno yake.

Ijumaa ilikuja na mvua. Walifika wakiwa wameshika viatu mkononi, watu kama thelathini, wakajibana. Fundi alikaa karibu na dirisha apate mwanga, akatoa kitabu chake kwenye mfuko wa plastiki. Tuliimba. Tukasimama kwa Injili. Akasoma. Lazima niseme kwamba sikusikiliza. Mvua ilikuwa inapiga bati, na kwa mawazo yangu nilikuwa najua kinachosomwa. Nilisikia maji, nikadhani ni ya nje.

Wakakaa. Nikafungua kaye. Nilimwona fundi akiitambua, na hakushtuka. Nikasoma, polepole, kidole kwenye mstari:

“Bwana anasafiri, anamwachia mlinzi mlango. Hakumwambia akeshe kwa furaha. Alimwambia akeshe. Mimi ninaye mlinzi mmoja kwangu. Kila Ijumaa nikirudi kutoka kwenu namkuta nyuma ya mlango, bisibisi mkononi, ananiambia anatengeneza komeo. Komeo ni nzima. Anakesha kwa sababu ana wivu, na anadhani sijui. Lakini kilima chetu ni kirefu, na nikiona mwanga chini ya mlango miguu inapata nguvu ya kumaliza. Sijui kama Bwana akirudi atamwuliza mlinzi alikuwa anakesha kwa nini. Nadhani atafurahi tu kumkuta macho.”

Nikafunga kaye. Nilingoja.

Watu walikuwa wanaangaliana, wengine wanaangalia miguu yao. Mama mmoja alimnong'oneza jirani yake, na jirani akainua mabega. Nilifikiri labda nimesoma vibaya. Ndipo mama mzee akasema, kwa sauti ya upole sana, kama unavyomwambia mtu kwamba amevaa shati ndani nje:

“Papa, leo ni Nuhu.”

“Nuhu?”

“Nuhu na gharika. Wawili kwa shamba, mumoja anachukuliwa, mumoja anabaki. Huyu mulinzi wa mulango ametoka wapi? Alikuwa ndani ya safina?”

Mtu mmoja alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Mwanaume mmoja aliyekaa karibu nami akainama akaniambia taratibu kwamba Injili za Jumapili zinakwenda kwa miaka mitatu, A, B na C, na kwamba Jumapili hii tunaanza A. Hiyo niliyosoma ni ya B, ilishapita. Aliniambia kama siri ili wengine wasijue kwamba sijui. Wote walijua. Nilibatizwa nikiwa mchanga. Kila mwaka nimeona mishumaa ya Majilio ikiwashwa, na siku zote nilidhani Majilio ni Majilio. Kwenye Misa huwa nakaa nyuma, karibu na mlango.

Nilitaka mvua ivunje bati. Zaidi ya aibu yangu, nilimwonea yeye aibu: maneno yake yalikuwa yameanguka katikati ya chumba na hakuna aliyeyaokota, na niliyeyaangusha ni mimi.

Ndipo fundi akasimama. Alilowesha kidole, akageuza kurasa za kile kitabu kikubwa, akarudi nyuma, akatafuta, akapata.

“Wandugu,” akasema, “tusimame tena. Injili ilivyoandikwa na Marko.”

“Mara mbili?” akauliza mama mzee.

“Mara mbili, maman. Yesu hatakasirika.”

Watu wakasimama, mabenchi yakalia. Akasoma ile ya mtu aliyesafiri, akawapa watumishi kila mmoja kazi yake, na mlinzi wa mlango akamwamuru akeshe. Aliisoma bila haraka, kana kwamba ndiyo ya siku hiyo. Kisha akakaa, akaniangalia.

“Papa, anza tena. Pole pole.”

Nikasoma tena. Mara hii nilipofika kwenye bisibisi kuna mtu alipiga paja lake. Kwenye “komeo ni nzima” walicheka wote, na mama mzee akasema kwa sauti, “Ndiyo maana kwa kilima yote hakuna komeo iko inang'aa kama hii!” Kwenye mwanga chini ya mlango hawakucheka. Mama wa Mudaka alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilimaliza ukurasa, lakini mwisho wake sikuusikia.

Walipoondoka, fundi alibaki. Alikuwa anakunja mfuko wa plastiki juu ya kitabu chake, anakunja na kukunjua.

“Ule mustari mwekundu ni miye,” akasema.

“Niliuona.”

“Nilimwambia, maman, hii usiiseme mbele ya watu. Nenda umwambie mwenyewe, kwake. Hii ni ya nyumbani. Akasema sawa, nitamwambia.” Akaacha kukunja plastiki. “Alikwambia?”

“Hapana.”

“Miaka miwili?”

“Hapana.”

Ningependa kuandika kwamba pale pale wivu uliniisha. Haukuisha. Ulipata chakula kipya: kwa miaka miwili huyu mtu alijua mke wangu ananionaje, na mimi sikujua. Alipokuwa ananisalimia njiani, “Jambo Papa, kazi?”, alikuwa ananisalimia akijua. Na bado ni yeye aliyewasimamisha watu thelathini mara ya pili ili nisibaki pale peke yangu na kaye mkononi. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu, na sikujua nianze na kipi. Nikasema:

“Jumatano uje. Hapa. Si kwako.”

Jumatano alikuja baada ya chakula cha mchana, na kitabu, na miwani, na kalamu yake nyekundu mfukoni. Akaketi kwenye kiti cha mke wangu karibu na meza.

“Si hicho,” nikamwambia.

Akainuka, akahamia kwenye benchi.

Nilikwenda chumbani, nikaacha mlango wazi, nikainua godoro mbele ya macho yake na kuitoa kaye. Aliona ilikokuwa siku zote.

“Ilikuwa inalala vizuri,” akasema.

Nikaiweka mezani. Akafungua kitabu chake kwenye Jumapili ya pili ya Majilio, mwaka A, akanionyesha ile A kwa kidole ili safari hii nisikosee, na nilikubali kuonyeshwa. Ilikuwa Yohane Mbatizaji, jangwani. Nilitafuta ukurasa wake katika kaye, nikaupata, bluu iliyolala upande, nyekundu pembeni. Lakini kabla hatujaanza nilimwomba kalamu yake. Alinipa.

Nilirudi kwenye ukurasa wa mlinzi. Upande wa mstari wake hapakuwa na nafasi, nikatumia upande mwingine. Niliandika “vizuri.” Ilinichukua muda, na z yangu ilitoka kubwa kuliko herufi nyingine. Fundi alikuwa anaangalia dirishani.

Nikamrudishia kalamu. Akaifunga, akarekebisha miwani, akauliza:

“Tuanze na Yohane?”

Nikaanza kusoma.